Sakafu ya Guta

1. Chombo chenye magurudumu matatu

Kamachumu ni nchi ya juu katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Mtu akitoka Bukoba na kushika njia ya Muhutwe hana budi kupanda mlima kabla ya kufika huko, na akitaka kurudi hana budi kuushuka. Pande zote za njia kuna migomba, na katikati ya migomba kuna mibuni. Kwa hiyo kazi ya kuchukua mizigo haikomi mwaka mzima. Mikungu ya ndizi huenda sokoni, magunia ya kahawa huenda ghalani. Mchanga, mawe na mabati huja kwa watu wanaojenga.

Zamani mizigo hii yote ilichukuliwa kichwani. Baadaye zikaja baiskeli, nazo zikapakiwa mikungu mingi hata mwenye baiskeli hakuwa na mahali pa kukaa, akawa anaisukuma tu. Siku hizi kuna chombo kingine pia, nacho ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Watu wengi hukiita guta, na wengine hukiita toyo. Ndugu yake anayechukua abiria ni bajaji, lakini somo letu la leo ni juu ya guta.

Chombo cha magurudumu matatu si jambo geni duniani. Motokaa ya Karl Benz, aliyoiandikisha serikalini huko Ujerumani mwaka 1886, ilikuwa na magurudumu matatu. Tena mwaka 1948, vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha, kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuuza kigari cha mizigo cha namna hiyo, kikaitwa Ape, yaani nyuki. Wakati ule watu wengi hawakuwa na fedha za kununua lori, na kigari hiki kikawafaa sana wenye maduka na mafundi. Jina lake lilikuwa zuri, maana nyuki ni mdogo, lakini hubeba mzigo kutwa.

Magurudumu matatu yana faida na hasara. Tazameni kigoda cha miguu mitatu. Kikiwekwa juu ya ardhi isiyo sawa, hakichezi. Miguu yote mitatu hugusa chini. Lakini mtu akikaa upande mmoja tu wa kigoda hicho, huanguka upesi kuliko yule aliyekaa juu ya kiti cha miguu minne. Guta nalo ni vivyo hivyo. Mzigo ukikaa chini na katikati, hutulia. Mzigo ukikaa juu sana, au ukihamia upande mmoja wakati wa kukata kona, guta huweza kupinduka. Basi tangu mwanzo tujue kwamba sakafu si kitu kidogo. Sakafu ndiyo inayoushika mzigo mahali pake.

2. Adui watatu wa sakafu

Guta lina sakafu mbili. Ya kwanza ni sakafu ya bodi, ambayo juu yake mizigo huwekwa. Ya pili ni ndogo, nayo iko mbele, chini ya miguu ya dereva. Watu huikumbuka ile ya kwanza kwa sababu wanaiona ikibeba magunia. Ile ya pili huisahau. Mwisho wa somo hili mtaona kwamba ile ndogo ndiyo inayotaka akili zaidi.

Sakafu iliyotoka kiwandani mara nyingi ni bati jembamba la chuma. Bati hili lina adui watatu.

Adui wa kwanza ni maji. Katika Kagera mvua hunyesha majira mawili kila mwaka, tena nchi iliyo karibu na Ziwa Viktoria hupata mvua nyingi. Maji huingia katika mikunjo ya bati, na udongo uliolowa huyashika yasikauke. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Kutu haifanyi makelele. Hula bati kwa chini, mahali pasipoonekana, mpaka siku moja mguu wa mtu au pembe ya kreti inapita upande wa pili.

Adui wa pili ni uzito. Gunia likiwekwa polepole, bati hupinda kidogo na kurudi. Likitupwa kutoka begani, bati hupinda sana, na lisirudi kama lilivyokuwa.

Adui wa tatu ni mtikisiko. Njia ya udongo yenye mashimo hutikisa kila boliti na kila nati. Nati iliyokazwa vizuri asubuhi huweza kulegea baada ya siku chache, na kitu kilicholegea hupiga chenzake, vikalika vyote viwili.

Kwa sababu hizo, wenye maguta wengi huweka sakafu mpya juu ya ile ya kiwandani, au mahali pake. Jambo hilo ni jema, likifanywa kwa maarifa.

3. Mbao au bati?

Mtu anayetaka sakafu mpya huchagua kati ya mbao na bati nene.

Chuma ni kigumu, wala hakipasuki. Watu wa Buhaya walikijua tangu kale. Wataalamu waliochimba katika sehemu za Bukoba na Kemondo walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma ambazo umri wake wapata miaka 1,500 na zaidi. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba mafundi wa zamani wa pande hizi waliingiza hewa ya moto katika tanuri zao, wakapata joto kali sana, na kutoa chuma cha pua. Basi kijana wa Kagera ajifunzaye kazi ya chuma asidhani kwamba anajifunza kazi ya wageni.

Lakini chuma ni kizito. Na tufanye hesabu. Bati la chuma lenye eneo la mita 1 ya mraba na unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 8. Tuseme bodi ya guta ina urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 2.16. Tukiweka bati la milimita 3, uzito wake ni 2.16 mara 3 mara 8, yaani karibu kilo 52. Huo wakaribia uzito wa gunia la kahawa la kilo 60. Ni kama gunia linalolala katika guta usiku na mchana, likipanda mlima na kushuka, wala halilipi nauli. Kwa hiyo mwenye guta asiseme, “Nitaweka bati nene kuliko yote.” Na aseme, “Nitaweka bati linalotosha.”

Mbao ni nyepesi kidogo, na ikivunjika moja hubadilishwa hiyo moja tu. Tena gunia halitelezi sana juu ya mbao kama linavyoteleza juu ya bati lililolowa. Lakini mbao ina tabia yake, na fundi asiyeijua atajuta. Mbao ikilowa hunenepa kwa upana, na ikikauka hukonda. Kwa urefu haibadiliki sana. Mbao zikibanwa sana wakati wa kiangazi, mvua ikija zitasukumana mpaka zinyanyuke kama mgongo wa paka. Na mbao mbichi ikifungwa leo, baada ya miezi michache itakuwa imekauka, imekonda, na boliti zake zote zitacheza. Basi mbao ziwe kavu, na katikati ya mbao na mbao paachwe nafasi ya milimita 3 hadi 5.

Hapa kuna onyo moja kwa watu wanaochukua kahawa. Watu wengine hupaka mbao oili chafu iliyotolewa katika injini, ili zisiliwe na wadudu. Kweli wadudu hukimbia, lakini kahawa nayo huharibika, kwa sababu buni huvuta harufu ya vitu vilivyo karibu nayo. Mkulima amechuma, ameanika kwa siku nyingi, amekesha akitazama mawingu. Kisha kahawa yake ikilala juu ya mbao zenye oili, yaweza kufika ghalani inanuka oili. Unyevu nao ni adui wa kahawa iliyokauka, kwa kuwa huleta ukungu. Kwa hiyo mbao za sakafu zipakwe rangi, ziachwe zikauke kabisa mpaka harufu iishe, na magunia yatandikiwe turubai safi.

4. Sakafu ya mzigo

Kazi yenyewe huenda kwa taratibu hii.

Kwanza, guta lisimamishwe mahali pa sawa, injini izimwe, ufunguo utolewe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asiingie kamwe chini ya chombo kinachoweza kusogea.

Pili, sakafu ya zamani itazamwe juu na chini. Kama imekwisha liwa na kutu, iondolewe. Kufunika kutu kwa mbao mpya ni sawa na kufunika kidonda kichafu kwa kitambaa safi. Ubovu huendelea kwa siri. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, kisha fremu ipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Tatu, fundi alale chini na kutazama kwa makini kilichoko chini ya bodi. Ataona nyaya za taa za nyuma, huenda na bomba la breki. Ataona springi, ekseli, na mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Hivi vyote havitoboki kwa radhi. Tena akumbuke kwamba guta tupu si sawa na guta lenye mzigo. Mzigo ukipakiwa, springi hupinda na bodi hushuka karibu na ekseli na magurudumu. Boliti ambayo mkia wake umening'inia chini bila kugusa kitu leo, kesho chini ya magunia kumi itachimba tairi. Kwa hiyo mikia ya boliti ikatwe kwa msumeno wa chuma na kulainishwa kwa tupa.

Nne, mbao zipimwe na kukatwa. Zilazwe kwa kukata mapau ya fremu, ili kila ubao ulale juu ya mapau kadhaa. Ubao unaoshikwa na pau moja tu si sakafu, ni mtego.

Tano, mashimo yatobolewe kwa keekee au drili. Yasitobolewe katika mihimili mikubwa ya fremu, kwa sababu kila tundu jipya hupunguza nguvu zake; yatumike matundu yaliyotengenezwa kiwandani, au mapau madogo. Boliti ni bora kuliko msumari, kwa maana msumari hutoka kwa mtikisiko. Chini ya nati iwekwe washa pana isije ikazama katika mbao, na nati iwe ya namna isiyolegea upesi. Vichwa vya boliti vizamishwe katika mbao, visije vikapasua magunia. Kati ya mbao na chuma ukiwekwa mkanda wa mpira wa tairi kuukuu, mtikisiko na kelele hupungua.

Sita, kama kuna kazi ya kuchomelea kwa umeme, nyaya za betri zifunguliwe kwanza, na moto uwekwe mbali na tangi la petroli. Mbao ziondolewe mahali hapo, na maji au mchanga viwe tayari.

5. Ubao wa miguu

Sasa tuje kwenye sakafu ile ndogo, chini ya miguu ya dereva. Huko mbele bati pia huliwa na kutu, na viatu vyenye matope huteleza juu yake. Dereva hutamani kuweka ubao mzuri, na juu yake mpira wenye vipele, ili miguu ikae imara isichoke. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini mahali hapo hapana miguu peke yake. Upande wa kushoto kuna mkono wa gia, ambao unakanyagwa mbele na nyuma. Upande wa kulia kuna kikanyagio cha breki. Navyo vyote viwili vyataka nafasi ya kushuka.

Kikanyagio cha breki ni wenzo. Tuseme kutoka mahali kinapozunguka mpaka mahali pa mguu ni sentimita 20, na mkono mfupi unaovuta fimbo ya breki una sentimita 5. Ishirini ni mara 4 ya tano. Kwa hiyo dereva akikanyaga kwa nguvu ya kilo 15, fimbo huvutwa kwa nguvu ya kilo 60. Hiyo ndiyo faida ya wenzo. Lakini wenzo hautoi kitu bure. Mguu ukishuka sentimita 8, fimbo husogea sentimita 2 tu. Nguvu inaongezeka, mwendo unapungua.

Sasa wekeni ubao wa sentimita 2, na mpira wa sentimita 1 juu yake. Sakafu imepanda sentimita 3. Kikanyagio kilichokuwa na nafasi ya kushuka sentimita 8 kimebaki na nafasi ya sentimita 5. Fimbo, ambayo ilikuwa ikivutwa sentimita 2, sasa haiwezi kuvutwa zaidi ya sentimita 1 na robo. Ubao umeikata breki bila kuigusa.

Sikilizeni jambo lililo gumu zaidi. Siku ya kwanza dereva hatajua. Kama breki ni mpya, labda hushika baada ya mguu kushuka sentimita 4, na nafasi ni 5. Guta litasimama vizuri, na dereva atamshukuru fundi. Lakini ndani ya magurudumu kuna vipande vinavyosugua ili kulisimamisha guta, navyo hulika kila siku. Kadiri vinavyolika, mguu hauna budi kushuka zaidi: sentimita 5, 6, 7. Basi miezi inapita, na siku moja, katika mteremko wa kwenda Muhutwe, na magunia nyuma, mguu unashuka sentimita 5, unakuta ubao, na hauwezi kwenda zaidi. Kosa lilifanywa siku ya furaha, likangoja siku ya mteremko.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ubao wa miguu usipimwe kwa breki mpya, upimwe kwa breki iliyochoka. Kikanyagio kiweze kushuka mpaka mwisho wake kabisa, kama ilivyokuwa kiwandani, na chini yake ibaki nafasi ya vidole viwili.

Tufikiri mfano. Kijana mmoja ameleta guta kwa fundi mzee, na ubao umekwisha fungwa, unang'aa kwa rangi.

“Mzee, kazi ni nzuri,” asema kijana. “Nipe ufunguo niende. Watu wa kahawa wananingoja, na mvua inakuja.”

“Mwanangu, kaa kwanza. Kanyaga breki.”

“Nimekanyaga, mzee. Inashika.”

“Inashika kwa sababu guta limesimama. Nitailegeza fimbo, iwe kama breki ya mwakani. Sasa kanyaga tena, mpaka mwisho.”

Kijana anakanyaga. Panasikika sauti ndogo: to! Kikanyagio kimegonga ubao, na gurudumu bado lazunguka kwa mkono.

“Umesikia?” asema fundi.

“Nimesikia, mzee. Lakini ni kidogo tu. Nitaendesha polepole, nitarudi Jumamosi.”

“Mteremko haujui Jumamosi. Shuka, tuufungue ubao.”

Fundi anaufungua ubao alioufunga mwenyewe kwa saa mbili, anachora kwa kalamu njia ya kikanyagio, na kuikata kwa msumeno, pana kuliko kiatu cha kazi. Upande wa kushoto anakata njia nyingine kwa ajili ya mkono wa gia. Ubao si mzuri tena kama ulivyokuwa. Una pengo kubwa kama jino lililong'oka. Lakini kikanyagio sasa kinashuka mpaka mwisho. Fundi anaikaza tena ile fimbo kama ilivyokuwa, na kijana amechelewa safari moja ya kahawa.

Katika habari za motokaa ile ya Benz kuna jambo linalofanana na hili. Mwezi Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl, aliiendesha motokaa ya magurudumu matatu pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Nchi ile ina vilima. Husimuliwa kwamba katika miteremko vipande vya mbao vya breki vililika sana, na yeye akamwendea fundi viatu njiani, akamwomba avipigilie ngozi. Ngozi ilishika vizuri kuliko mbao. Bibi huyu hakungoja mpaka afike nyumbani. Aliona breki inachoka, akaitengeneza kabla ya mteremko mwingine.

6. Kulijaribu guta

Kazi ikiisha, jaribio lifanywe kwa hatua. Kwanza, guta likiwa limesimama na injini imezimwa, breki ikanyagwe mara kumi, na gia ibadilishwe mara kumi, dereva akiwa amevaa viatu avaavyo siku zote. Kiatu cha mvua ni kipana kuliko ndala. Njia iliyotosha ndala huweza kukinasa kiatu cha mvua.

Pili, liendeshwe polepole mahali pa sawa bila mzigo, likisimamishwa mara kwa mara. Tatu, lipakiwe nusu ya mzigo, na fundi atazame chini kama boliti yoyote inagusa. Mwisho lipakiwe mzigo wake halali, usiozidi ule ulioandikwa na kiwanda, na uzito ukae katikati na chini. Baada ya juma moja nati zote zikazwe tena, kwa kuwa mbao hujipanga na boliti hulegea.

Na dereva naye ana sehemu yake. Kabla ya kuanza kushuka mlima aingize gia ndogo, ili injini ilishike guta. Wengine huzima injini na kuteremka bure, ati wanabana petroli. Hao wameiachia breki kazi yote peke yake, nayo hupata moto na kupoteza nguvu. Petroli waliyoibana ni ya shilingi chache. Walichokiweka rehani ni maisha yao na ya wapita njia.

Mtu anayeongeza kitu katika mashine iliyotengenezwa na mwingine ni kama mgeni anayeingia katika nyumba yenye watu. Haitoshi kwamba yeye ni mwema na mwenye nguvu. Na aulize kwanza nani hulala wapi, na nani hupita wapi usiku. Ubao ule ulikuwa imara, ulikatwa vizuri, ulipakwa rangi nzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba ulikaa mahali pa kikanyagio.

Maneno ya kujifunza

Wenzo: mti au chuma kinachozunguka mahali pamoja, kisaidiacho kuongeza nguvu.
Keekee: chombo cha kutobolea mbao au chuma kwa mkono.
Tupa: chuma chenye meno madogo cha kulainishia au kunolea.
Ekseli: chuma kinachoshika magurudumu mawili.
Mapau: vyuma au miti midogo inayolazwa kushika sakafu au paa.

Maswali

1. Kwa nini kigoda cha miguu mitatu hakichezi, lakini huanguka upesi?
2. Taja adui watatu wa sakafu ya guta, na ueleze jinsi kila mmoja anavyofanya kazi.
3. Bodi ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Bati lina unene wa milimita 2. Uzito wa bati hilo ni karibu kilo ngapi?
4. Kwa nini si vizuri kupaka oili chafu kwenye sakafu ya guta la kahawa?
5. Mkono mrefu wa kikanyagio una sentimita 24, na mkono mfupi sentimita 6. Mguu ukishuka sentimita 6, fimbo husogea sentimita ngapi?
6. Kwa nini kosa la ubao wa miguu halikuonekana siku ya kwanza?
7. Kama wewe ungekuwa yule kijana, na watu wa kahawa wanakungoja, ungemjibu fundi neno gani? Toa sababu zako.

Kazi ya mikono

Tafuta kijiti kilichonyoka cha sentimita 25. Kishikilie kwa msumari kwenye kipande cha mbao, sentimita 5 kutoka ncha moja, hata kiweze kuzunguka. Sukuma ncha ndefu chini kwa sentimita 8, na upime ncha fupi imepanda kiasi gani. Kisha weka kitabu chini ya ncha ndefu, ukasukume tena. Andika ulichokiona.